Kutoka Sophiatown hadi Masasi

Kila Desemba 9 tunapokutana hapa Bellevue kula pilau na kuimba wimbo wa taifa, watoto wetu huuliza: Uhuru wa Tanganyika unatuhusu nini sisi tuliozaliwa Johannesburg? Jibu moja liko magharibi mwa jiji hili hili, mtaa wa Sophiatown.

Mwaka 1897 Hermann Tobiansky alinunua shamba, akalikata viwanja na kuupa mtaa jina la mkewe, Sophia. Hapo Weusi waliweza kumiliki viwanja, jambo lililokuwa adimu, hasa baada ya Sheria ya Ardhi ya 1913. Mmoja wao alikuwa Dk. A. B. Xuma, rais wa ANC kuanzia 1940 hadi 1949. Sisi wauguzi tuliosomea ugenini tunamwelewa: alisomea udaktari Marekani, akarudi kutibu watu wake. Mkewe, Madie Hall, alikuwa Mmarekani Mweusi.

Makaburu hawakutaka Weusi wenye hati karibu na mitaa ya Wazungu. Februari 9, 1955, polisi wapatao 2,000 wenye silaha waliingia. Familia zilipakiwa kwenye malori pamoja na vyombo vyao, zikapelekwa Meadowlands, Soweto. Nyumba zikabomolewa, na mtaa ukaitwa Triomf, yaani Ushindi. Jina la Sophiatown lilirudi mwaka 2006. Miaka hiyo Bellevue nayo ilikuwa ya Wazungu. Sisi tusingepanga hapa hata chumba kimoja kwa majina yetu.

Kasisi wa Sophiatown, Trevor Huddleston, aliipinga bomoabomoa ile waziwazi. Mwaka 1960 akawa Askofu wa Masasi, kwa hiyo Uhuru wa 1961 ulimkuta akiwahudumia wazee wetu wa kusini. Alifariki mwaka 1998, na majivu yake yako katika kanisa la Christ the King, Sophiatown. Nasi tuliwapokea wakimbizi wa Afrika Kusini. ANC ilikuwa na shule Mazimbu, Morogoro.

Basi wanetu, mkiitwa wageni shuleni, msiiname. Historia yetu na ya wenyeji wetu imeshonwa kwa uzi mmoja. Nasi wazazi tunaopangisha vyumba, tusimtolee mtu vyombo nje usiku kwa kuchelewesha kodi. Tunajua kitendo hicho kilivyoumiza Sophiatown.

Nyumba ya Xuma bado imesimama Toby Street. Tuwapeleke watoto wakaione.

Heri ya Uhuru!