Pombe na wanawake wa Lusangi

Pombe na wanawake wa Lusangi (kusini mwa mkoa wa Maniema, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo) ni suala lisilopimika kwa kuhesabu wanywaji tu. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa mwaka 2019 pombe iliua watu milioni 2.6 duniani, kati yao wanawake milioni 0.6, lakini hesabu hiyo haimwoni mpishi wa pombe. Lutuku, pombe kali ya mahindi na muhogo, kwa kawaida hupikwa na wanawake: mchanganyiko uliochacha hutiwa pipani juu ya moto, mvuke hupita kwenye bomba lililopozwa kwa maji, matone yakadondoka chupani. Mpishi huvuta moshi na huonja ili kujua ukali, maana kipimo kingine hana.

Wapo wasemao Uislamu, uliojikita eneo la Kasongo tangu zama za mfanyabiashara wa watumwa Tippu Tip, umewakinga wanawake. Katazo hupunguza unywaji, ndiyo. Lakini anayekunywa hujificha, na anayejificha huchelewa kumwona muuguzi. Wengine hujibu kwamba lutuku hulipa karo. Hoja hiyo ni nzito: kumwaga pipa bila kumpa mama kazi nyingine ni kuwanyima watoto chakula. Hata hivyo, mwili wa mwanamke, kwa uzito uleule, una maji machache kuliko wa mwanamume, hivyo kiasi kilekile humlevya zaidi, mimba hudhurika, na kipigo cha mume mlevi humfikia hata mke asiyeonja tone. Kituo cha afya kinachouliza tu "unakunywa?" kitamkosa huyo wa mwisho.