Vifurushi vya Intaneti: Fahamu Masharti ya Mtoa Huduma na Haki za Mtumiaji

Na Mwandishi Wetu

KIFURUSHI cha intaneti ni makubaliano kati ya kampuni ya simu na mteja. Mteja hulipa kwanza, kisha hupewa kiasi cha data pamoja na masharti ya kukitumia. Mwananchi asiyeyafahamu masharti hayo huweza kudhani ameibiwa, au akaibiwa asijue.

Masharti yenyewe ni ya aina nne. La kwanza ni muda: data iliyobaki siku ya mwisho hupotea. La pili ni kasi: kifurushi kinachotangazwa kuwa hakina kikomo huweza kupunguziwa kasi baada ya mteja kutumia kiasi fulani. La tatu ni aina ya matumizi: kifurushi cha mitandao ya kijamii hutumika ndani ya programu zilizotajwa pekee, hivyo mteja anayefungua kiungo cha tovuti alichotumiwa kwenye WhatsApp huweza kutumia salio lingine. La nne ni kuunganisha kompyuta au simu nyingine kwenye intaneti ya simu yako, jambo ambalo baadhi ya kampuni duniani hulizuia au hulitoza ada ya ziada.

Nchini Tanzania, sekta hii inasimamiwa na Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA), chini ya Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya mwaka 2010. Kanuni ndogo za vifurushi zilizotolewa na Mamlaka hiyo, zikaanza kutumika Aprili 2, 2021, zilimtaka mtoa huduma kumjulisha mteja matumizi yanapofikia asilimia 75 na asilimia 100, na kutomtoza nje ya kifurushi bila ridhaa yake. Aidha, mteja aliwekewa utaratibu wa kumhamishia mwingine data yake, na wa kuendelea kutumia iliyobaki endapo atanunua tena kifurushi hicho hicho kabla ya muda kwisha.

Siku hiyo hiyo, wananchi walilalamikia bei za vifurushi vipya. Serikali ilizisitisha na kuelekeza bei za awali zirejeshwe. Malalamiko yaliyotolewa kwa wakati yalizaa matokeo.

Kabla ya kununua, mwananchi anashauriwa kusoma muda, kasi na programu zinazohusika, na kuzima programu zinazojisasisha zenyewe. Ahifadhi ujumbe mfupi wa ununuzi, kwa kuwa ndio ushahidi wake. Pakitokea mgogoro, lalamiko lipelekwe kwanza kwa mtoa huduma na mlalamikaji apewe namba ya kumbukumbu. Asiporidhika, aliwasilishe TCRA. Baraza la Ushauri la Watumiaji wa Huduma za Mawasiliano (TCRA-CCC) nalo lipo kwa ajili ya kutetea maslahi ya watumiaji.