Wapagazi wetu wako Hamburg

Novemba 2023 Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, alisimama Songea, kwenye makumbusho ya Maji Maji, akaomba radhi kwa yale ambayo Wajerumani waliwatendea babu zetu. Tangu hapo gumzo kubwa limekuwa mafuvu na masalia yaliyopelekwa Ulaya. Huku Bondeni, Kyela, kando ya Ziwa Nyasa, kuanzia mto Songwe hadi Matema, kuna deni jingine ambalo halitajwi: la wapagazi wa Vita Kuu ya Kwanza. Na la kushangaza ni kwamba Mjerumani aliyepigana vita hiyo ndiye aliyewafinyanga kwa udongo, na kazi yake ingali Hamburg, ndani ya uzio.

Anaitwa Walter von Ruckteschell. Alizaliwa St. Petersburg mwaka 1882. Muda mfupi kabla ya vita alikuja koloni la Wajerumani pamoja na mkewe Clary, msanii kama yeye, akauchora mlima Kilimanjaro. Vita ikawakuta hukuhuku. Mchoraji akavaa sare, akawa msaidizi wa karibu wa kamanda Paul von Lettow-Vorbeck. Amani iliporudi, mume na mke wakahamia Dachau, mji ambao wakati huo ulisifika kwa wachoraji wake, kabla Wanazi hawajafungua kambi yao ya mateso hapo mwaka 1933. Alitia michoro katika Heia Safari!, kitabu cha Lettow-Vorbeck cha mwaka 1920 kilichowafundisha vijana wa Kijerumani kwamba askari Mwafrika aliwapenda mabwana zake na kuwafuata kwa hiari hadi mwisho. Maisha yake yote yaliyobaki, mpaka alipofariki mwaka 1941, Ruckteschell hakutoka ndani ya hadithi hiyo.

Bondeni tunaijua vita hiyo kwa sura nyingine. Kisa cha meli ya Wajerumani, Hermann von Wissmann, iliyoshambuliwa na Waingereza pale Liuli tarehe 13 Agosti 1914, kimesimuliwa mara nyingi. Mwezi uliofuata Wajerumani walivuka Songwe wakaenda kuipiga Karonga, wakashindwa. Mei 1916 majeshi ya Jenerali Northey yakaja kutoka upande wa pili, yakaiteka Tukuyu, ambayo Wajerumani waliiita Neu-Langenburg. Kila jeshi lililopita lilihitaji chakula na risasi, na mbung'o na barabara mbovu vilifanya ng'ombe na magari kuwa si kitu. Mzigo ukabebwa na binadamu, kilo 25 hadi 30 kichwani, kutoka ukanda wa ziwa kupanda milima. Upande wa Waingereza na washirika wao peke yake ulitumia wapagazi wapatao milioni 1 katika Afrika Mashariki, na waliokufa hawapungui 95,000. Wengi hawakuuawa na risasi. Waliuawa na kuhara, malaria na njaa. Wajerumani nao walichukua watu vijijini kwa nguvu, na hesabu yao haikutunzwa hata kwa kiwango hicho.

Katika miaka ya 1930, chini ya utawala wa Hitler, kambi ya jeshi ilijengwa Jenfeld, kitongoji cha Hamburg, ikapewa jina la Lettow-Vorbeck. Kwenye kuta zake zilibandikwa sura za makamanda wa makoloni, Wissmann akiwemo, pamoja na von Trotha aliyewaangamiza Waherero kule Namibia. Ruckteschell akatengeneza mabamba mawili makubwa ya udongo wa kuchoma, yakazinduliwa mwaka 1939. Katika moja, ofisa Mjerumani anawaongoza askari Waafrika. Katika jingine wamo wapagazi na mizigo yao. Ufundi wake sibishani nao: mwendo wa miguu na uzito wa mzigo vinaonekana. Lakini hakuna aliyekonda. Hakuna mgonjwa aliyeachwa njiani, wala kijiji kilichonyang'anywa mpunga. Ni watu wenye afya wanaotembea kwa utulivu, kana kwamba waliomba wenyewe kwenda.

Jeshi liliondoka kambini mwaka 1999, na hapo ndipo ugomvi ulipoanza. Chama cha utamaduni cha Jenfeld kiliyaokoa mabamba hayo kikataka yasimamishwe mahali pa wazi. Pembeni kingejengwa kibanda cha maonyesho cha Tanzania kilichotumika Hannover katika maonyesho ya dunia ya mwaka 2000. Mahali hapo pakaitwa Bustani ya Tanzania. Waliounga mkono walisema historia haifutwi, iwekewe maelezo tu. Waliopinga, wakiwemo Waafrika wanaoishi Hamburg, wakauliza swali ambalo mimi naliona zito: kwa nini jina la nchi yetu litumike kupamba kazi iliyoagizwa kumsifu mtu aliyetuletea maangamizi? Mwaka 2003 Waziri Mkuu wetu wa wakati ule, Frederick Sumaye, alitarajiwa kushiriki uzinduzi. Malalamiko yakapamba moto, na hakwenda. Naamini alifanya vema. Mgeni wa heshima angepewa mkasi akate utepe mbele ya babu zake waliobebeshwa mizigo, na mwenyeji angesema ni urafiki. Bustani ilibaki, na kwa muda mrefu lango lake limekuwa la kufungwa.

Hata malipo yalifuata mpango uleule wa bamba la kwanza na bamba la pili. Lettow-Vorbeck alipofariki mwaka 1964, Ujerumani Magharibi ilikubali kuwalipa askari wazee waliokuwa bado hai malimbikizo ya mishahara yao. Mpagazi hakuwamo. Hakuwa na namba wala cheti.

Na sisi je? Dar es Salaam kuna sanamu ya Askari ya mwaka 1927, kazi ya Mwingereza James Alexander Stevenson, iliyosimama mahali alipokuwa Wissmann wa shaba. Ni askari peke yake. Mchongaji huyohuyo alipofanya sanamu za Nairobi alimweka na mpagazi, hivyo Wakenya wanaye. Huku Kyela sijaona hata jiwe lenye maandishi.

Wala hatuna shida ya mafundi. Wanawake wa Kikisi wa Ikombe wanafinyanga vyungu ambavyo vinavuka ziwa kwa mitumbwi hadi soko la Lyulilo, Matema, na kutoka hapo vinasambaa mikoani. Mikono yao inaujua udongo kuliko Ruckteschell alivyoujua. Halmashauri ya Kyela ikitaka bamba la mpagazi pale Mwaya au Itungi, haina haja ya kuandika barua Ujerumani. Iende Ikombe, na kabla ya kwenda, iwatume vijana wa sekondari kwa wazee waliobaki wakayaandike majina ya waliochukuliwa, kijiji kwa kijiji, yachongwe chini ya bamba hilo.