Mchomeko Umeme: Kwa Nini Si Mchomo

Shangazi yangu alirudi kutoka zahanati moja hapa Unguja na kipeperushi mkononi. Kilitangaza "mchomo wa sindano wa kielektroniki kwa wenye kiribatumbo na hamu ya kula iliyozidi". Akaniuliza, "Mwanangu, hiyo sindano ina dawa gani ndani?" Sikumlaumu. Aliyemlisha maana hiyo ni aliyeitunga istilahi.

Tiba yenyewe haihitaji utangulizi kwa wasomaji wa visiwa hivi, ambavyo vimekuwa na madaktari wa Kichina tangu 1964. Tatizo ni jina. Kuchomwa sindano, kwa Mswahili, ni kutiwa dawa: sindano inaingia, inamimina, inatoka. Sindano ya Kichina haina tundu wala dawa, na ikishaingia hukaa hapo dakika 20 au 30. Ama hicho "kielektroniki", ni kosa juu ya kosa. Kinachopita sindanoni ni umeme. Sindano ya kielektroniki, kama ipo, ingekuwa na saketi tumboni mwake.

Kosa hili lina babu. Mwaka 1683 Willem ten Rhijne, tabibu wa Kiholanzi aliyewahi kufanya kazi Nagasaki, alichapisha kitabu cha Kilatini na kuiita tiba hii acupunctura: acus ni sindano, punctura ni kuchoma. Alilinasa tendo la kufumba na kufumbua, kule kuingia, akaiacha nusu saa nzima inayofuata. Wachina wenyewe husema zhenjiu, yaani sindano na moto, kwa kuwa tiba yao huambatana na kuunguza majani makavu ya jamii ya pakanga. Mwaka 1825 Mfaransa Sarlandière aliandika mjini Paris juu ya sindano zilizopitishwa umeme, akaongeza electro mbele ya kosa la Mholanzi.

Na hiyo electro nayo ina safari yake. Elektron ya Wagiriki ni kaharabu, ule utomvu wa miti ulioganda kuwa jiwe la shanga, ambao ukisuguliwa huvuta vitu vyepesi. Waajemi waliuita kahruba, mnyakua makapi. Waarabu wakalichukua neno, na leo umeme kwao ni kahrabaa. Sisi tuliiacha kaharabu kwenye shanga, tukautazama mwanga wa mawinguni unaotangulia ngurumo, na nyaya zilipofika tukazipa jina lake: umeme. Mchina alipita njia hiyohiyo. Dian yake ilikuwa umeme wa mvua kabla haijawa umeme wa taa, na tiba hii anaiita dianzhen, sindano umeme, pasipo kumwomba Mgiriki chochote.

Kwa hiyo napendekeza, kama nilivyokwisha kuipendekezea kamati ya istilahi kwa maandishi mara mbili, mchomeko umeme. Kuchoma na kuchomeka si mamoja. Kisu huchomekwa alani, ua huchomekwa nyweleni, na kilichochomekwa hukaa. Kitenzi hiki ni ndugu wa bandika, pachika, funika na anika, vyote vya kuweka kitu mahali kikatulia, na kila kimoja kina mwenziwe wa kutendua: bandua, pachua, funua, anua. Chomeka ana chomoa. Tabibu anachomeka, muda ukitimia anachomoa, na sarufi imekwenda sambamba na kazi. Wazee wetu waliopiga chuku nao hawakusema "tiba ya pembe". Walisema kuumika, kitenzi chenye mwisho uleule.

Mjumbe mmoja wa kamati hiyo, ambaye simtaji kwa heshima ya mvi zake, aliandika pembeni mwa pendekezo langu kwamba chomeka ni kauli ya kutendeka ya choma, yaani kuweza kuungua. Ni kweli, mahindi huchomeka. Lakini mtu akisema "nichomekee simu", sijamwona anayekimbilia ndoo ya maji. Mwingine aliridhika na "akupancha ya elektriki". Huyo simjibu, kwa sababu hakutafsiri kitu.

Kuhusu matumizi, kwa ufupi: mtu mnene huchomekwa, kwa mfano, pembeni mwa kitovu, mahali paitwapo Tianshu, na chini ya goti, paitwapo Zusanli. Sindano hubanwa vibanio vya kimashine kinachopeleka umeme hafifu, mara nyingi mapigo 2 hadi 100 kwa sekunde. Watafiti wanachunguza kama mapigo hayo hufika kwenye haipothalamasi na kugusa leptini, homoni ya shibe iliyogunduliwa 1994, na ghrelini ya njaa, iliyotangazwa 1999. Majaribio mengi ni madogo na hayajaafikiana, basi sahani na miguu vibaki kazini. Mwenye kifaa cha kuongoza mapigo ya moyo asichomekwe. Turudi kwenye istilahi.

Kamati ilinijibu kwa barua ya mistari mitatu, ikinishukuru kwa "mchango". Orodha yao ilipotoka nilikuta humo "mchomo wa sindano wa kielektroniki", maneno matano pale ambapo mawili yangetosha, na kutoka orodhani yakahamia kwenye kipeperushi cha shangazi.

Nikamweleza kwamba sindano hizo hazina dawa. Zinachomekwa, zinapitishwa umeme kidogo, kisha zinachomolewa.

"Kumbe kama chaja," akasema. Akakikunja kipeperushi mara mbili, akachuchumaa, akaanza kupepea jiko.