Thurgood Marshall: Wakili aliyeung'oa ubaguzi shuleni

Mnamo Mei 17, 1954, majaji wote tisa wa Mahakama ya Juu ya Marekani waliamua kwa kauli moja kuwa kuwatenga watoto weusi na weupe katika shule za umma ni kinyume cha Katiba. Kesi hiyo, Brown dhidi ya Bodi ya Elimu ya Topeka, iliongozwa na wakili mweusi, Thurgood Marshall.

Ushindi huo haukuja ghafla. Marshall alizaliwa Baltimore, jimbo la Maryland, mwaka 1908. Kitivo cha sheria cha chuo kikuu cha jimbo lake hakikupokea weusi, hivyo alisomea Howard, mjini Washington, akihitimu mwaka 1933. Muda si mrefu akawa miongoni mwa mawakili waliokishtaki kitivo kile kile kwa niaba ya kijana mweusi aliyenyimwa nafasi, wakashinda.

Kikwazo kilikuwa hukumu ya mwaka 1896 katika kesi ya Plessy dhidi ya Ferguson, iliyoruhusu utengano mradi huduma ziwe sawa. Marshall na mwalimu wake, Charles Hamilton Houston, walianza kwa kuudai usawa huo wenyewe, wakijua fika kwamba haupo. Texas iliposhtakiwa na Heman Sweatt, ilianzisha harakaharaka chuo cha sheria cha weusi. Mwaka 1950 Mahakama ya Juu ilikataa kiini macho hicho: walimu, maktaba na sifa havikulingana na vya chuo cha weupe.

Hata hivyo, Brown iliacha mwanya. Mwaka 1955 Mahakama ilipoagiza utekelezaji haikuweka tarehe ya mwisho. Kaunti ya Prince Edward, Virginia, iliyokuwamo katika kesi yenyewe, ilifunga shule zake zote za umma kuanzia 1959 hadi 1964. Weupe walifunguliwa shule za binafsi. Watoto wengi weusi wakabaki nyumbani.

Katikati ya mvutano huo, mwaka 1960, Tom Mboya alimwalika Marshall kuwashauri wajumbe Waafrika wa Kenya katika mkutano wa katiba wa Lancaster House, London. Aliandaa rasimu ya haki za msingi iliyolinda pia mali ya Wazungu na Waasia, waliokuwa wachache nchini humo. Ni sura ya maisha yake isiyotajwa vya kutosha.

Mwaka 1967 Rais Lyndon Johnson alimteua kuwa jaji wa kwanza mweusi wa Mahakama ya Juu. Alistaafu mwaka 1991, akafariki Januari 1993 akiwa na umri wa miaka 84.