Mzee Levison, mkimbizi aliyesoma karne ya 8

Tuliposema makala ya wiki hii itahusu Ulaya ya karne ya 8, mmoja wetu alicheka: "Sisi tunangoja mahojiano, nyinyi mnatuletea watawa wa Kizungu?" Swali la haki kabisa. Tunaomba tu mtuvumilie, kwa sababu aliyewachunguza watawa hao alikuwa mkimbizi.

Aliitwa Wilhelm Levison. Alizaliwa Düsseldorf, Ujerumani, mwaka 1876, katika familia ya Kiyahudi, akawa profesa wa historia chuo kikuu cha Bonn. Fani yake ilikuwa Zama za Kati za mwanzo, hasa maisha ya watakatifu yaliyoandikwa wakati wa wafalme wa Wafranki na baadaye. Ukiyasoma haraka unaona miujiza tu. Ukitulia unakuta majina ya vijiji, njia za safari, ugomvi wa mashamba, nani alimpa nani ardhi.

Shida ni kwamba maandishi ya kwanza kabisa mara nyingi yamepotea. Zimebaki nakala za nakala, zilizoandikwa kwa mkono juu ya ngozi za wanyama, na zimetawanyika katika maktaba za nchi nyingi. Utajuaje ipi iko karibu na ile ya kwanza? Kuna mfano wa hapa hapa kambini. Tangazo la mgao lilibandikwa ubaoni, watu wakalinakili kwenye simu, wakatumiana. Jioni nusu ya watu wana "Jumanne", nusu wana "Jumatano". Tulipofuatilia, kumbe wote wa Jumatano walilipata kwa mtu mmoja aliyekosea. Kosa moja likatuonyesha nani alinakili kwa nani. Basi, hiyo ndiyo kazi ya Levison, ila yeye aliifanya kwa Kilatini, kwa miaka na miaka. Alikuwa katika mradi wa Monumenta Germaniae Historica, ulioanzishwa mwaka 1819 ili kuchapisha hati za Zama za Kati. Yeye na mwenzake Bruno Krusch walitoa juzuu la mwisho la maandishi ya enzi za Wamerovingi mwaka 1920.

Kabla ya hapo, mwaka 1905, alikuwa amechapisha maandishi yanayosimulia maisha ya Bonifasi. Ndiyo, jina hili hili tunaloitana hapa kila siku. Bonifasi alikuwa Mwingereza. Mwaka 718 aliondoka kwao kwa mara ya pili na hakurudi tena. Alifanya kazi ya dini Ujerumani mpaka alipouawa mwaka 754 huko Frisia, Uholanzi ya leo. Barua zake zipo. Katika moja, akiwa mzee, anamwomba askofu rafiki yake huko Uingereza amtumie kitabu cha manabii alichokiacha mwalimu wake, kwa sababu herufi zake ni kubwa na zimeachana, na yeye macho yamechoka. Tuliposoma hapo tulinyamaza kidogo. Mtu yuko mbali na kwao, na anachoomba ni kile kitabu anachokijua.

Mwaka 1935 Levison aliondolewa kazini kwa sababu ni Myahudi. Mwaka huo huo kitabu cha kukumbuka miaka 1,200 tangu kifo cha Beda, mtawa na mwanahistoria wa Kiingereza, kilitoka Uingereza kikiwa na sura aliyoiandika Levison. Yaani huku anafukuzwa, kule anasomwa. Novemba 1938 masinagogi yalichomwa moto kote Ujerumani. Mwaka 1939 yeye na mkewe wakavuka bahari kwenda Durham, kaskazini mwa Uingereza, ambako chuo kikuu kilimpokea. Alikuwa na umri wa zaidi ya miaka 60. Kaburi la Beda liko katika kanisa kuu la mji huo huo.

Mwaka 1943, vita vikiwa vimepamba moto, alialikwa Oxford kutoa mihadhara ya heshima iitwayo Ford Lectures. Alichagua kueleza jinsi Waingereza wa karne ya 8, Bonifasi akiwemo, walivyovuka bahari na kusaidia kujenga kanisa na elimu huko bara, Ujerumani ikiwemo. Fikirini: Mjerumani aliyefukuzwa na Wajerumani anasimama mbele ya Waingereza ambao nchi yao inapigana na Ujerumani, anawaeleza walivyokuwa pamoja zamani. Mihadhara hiyo ikawa kitabu mwaka 1946. Januari 1947 akafariki, huko huko Durham.

Lakini tusiipake sukari habari hii. Levison alikuwa na jina, na mlango ulifunguka. Ernst Perels, aliyehariri barua za mapapa wa karne ya 9 katika mradi ule ule, naye alipoteza uprofesa Berlin mwaka 1935 kwa sababu ya asili yake ya Kiyahudi. Yeye alibaki. Aliishia kambi za mateso, akafa Mei 1945. Elimu ile ile, mwisho mwingine. Na dada mmoja wa kundi letu alisema wazi: "Levison walimjua kwa vitabu vyake. Mimi buletini zangu za shule ziliungua na nyumba, nitajulikana kwa nini?" Hatukuwa na jibu, na hatutajifanya tunalo.

Ila dada huyo huyo ndiye aliyeleta wazo tunalolifanya sasa. Tunaandika masimulizi ya wazazi wetu waliovuka Ziwa Tanganyika mwaka 1996. Tunayo matatu ya mtumbwi mmoja. Mawili yanasema waliondoka usiku, la tatu linasema alfajiri. Na yale mawili yanakosea jina la kijiji kile kile, kwa namna ile ile. Jumamosi tunakwenda kwa mama mmoja wa hayo mawili, kumuuliza kama hilo jina alilisikia mwenyewe siku ile, au aliambiwa baadaye na mwenzake.