Nani Alimfunza Msimamizi wa Chekechea?

Historia ya chekechea nchini Kenya husimuliwa zaidi kwa upande wa watoto: wameandikishwa wangapi, wanajua nini wanapoingia darasa la kwanza. Waliosimamia vituo vya chekechea hawatajwi sana, ingawa habari zao ndizo zinazoeleza kwa nini kituo kimoja hudumu na kingine hufa. Ukizifuatilia, utaona kwamba wasimamizi waliofaa waliinuliwa kutoka miongoni mwa wanawake waliokuwa tayari wakilea watoto, kwa mafunzo yaliyowafuata kazini. Serikali iliyachukua mafunzo hayo, lakini ngazi ya kuwapandisha cheo wanawake hao haikuiweka.

Katika miaka ya 1950, wakati wa hali ya hatari iliyotangazwa na serikali ya kikoloni, akina mama wa Mkoa wa Kati walihamishiwa kwenye vijiji vilivyolindwa wakashurutishwa kufanya kazi za umma, na watoto wao wakakusanywa mahali pamoja chini ya uangalizi wa wachache. Baada ya uhuru, harambee ilieneza vituo nchi nzima. Wazazi walijenga chumba, wakamchagua mwanamke wa hapo hapo, wakamlipa kwa karo waliyochanga wenyewe. Yeye ndiye aliyefundisha, akapika uji, akafuta pua za watoto, akadai karo kwa wazazi waliochelewa. Alikuwa meneja kwa kila hali isipokuwa cheo, na hakuna aliyefikiri kumfunza kazi hiyo. Mwaka 1971 Taasisi ya Elimu ya Kenya, ikisaidiwa na wakfu wa Bernard van Leer wa Uholanzi, ilianza mradi wa elimu ya awali jijini Nairobi. Mwaka 1980 jukumu la chekechea likahamishwa kutoka huduma za jamii hadi elimu, kisha kikaundwa kituo cha taifa cha elimu ya chekechea, NACECE, mwaka 1984, na vituo vya wilaya, DICECE, mwaka 1985. Mwalimu alisoma wakati wa likizo na kurudi kwa watoto wake shule zilipofunguliwa, kwa miaka miwili. Mpango huo ulikuwa wa busara, kwa sababu haukumng'oa mtu kwenye kituo ambacho bila yeye kingefungwa.

Pwani ndiko mafunzo haya ya kazini yalikopiga hatua zaidi. Mapema katika miaka ya 1980 viongozi wa Kiislamu wa Mombasa walitaka watoto wao wapate elimu ya awali isiyowatenga na dini wala lugha ya nyumbani, wakaomba msaada wa Aga Khan, kiongozi wa Waislamu wa Ismailia. Kutokana na ombi hilo ukazaliwa mpango wa shule za awali za madrasa, na Bi Swafiya Said, mwalimu mzoefu wa Mombasa, akawa mkufunzi wake wa kwanza. Vifuu vya nazi, kombe na vitambaa viliingia darasani kama vifaa vya kuchezea na kuhesabia. Mtoto alipanga atakachofanya, akakifanya, kisha akawaeleza wenzake alichofanya. Walimu walikuwa wanawake wa mtaa huo huo, wengi wao bila cheti chochote cha ualimu, na mkufunzi aliwafuata darasani, akaketi pembeni akitazama, kisha wakazungumza baada ya watoto kuondoka. Linalosahaulika kwa urahisi ni kwamba kamati ya shule nayo ilifunzwa: kuweka hesabu, kuendesha mkutano, kumwajiri mwalimu na kumlipa. Mwalimu na waliomwajiri walikua pamoja. Mpango ulifika Zanzibar mwaka 1990 na Uganda mwaka 1993, na baadhi ya walimu wakaja kuwa wakufunzi wa wenzao.

Wapo watakaosema kwamba kumfunza mtu akiwa kazini ni njia ya mkato inayoitwa sera, na kwamba kiongozi wa kweli hupatikana chuoni kwa shahada. Hoja hiyo ina uzito: bila cheti kinachotambuliwa, mwalimu wa chekechea hudharauliwa hata na mwenzake wa shule ya msingi aliye chumba cha pili. Lakini utafiti wa Mwaura, Sylva na Malmberg uliotolewa mwaka 2008 ulionyesha watoto wa shule hizi za madrasa wakiwashinda kiakili wenzao wa shule nyingine za awali. Kweli, uliopimwa ulikuwa ufahamu wa mtoto, wala si uwezo wa msimamizi. Hata hivyo, ni vigumu kueleza tofauti hiyo bila kuwataja waliowafunza na kuwasimamia walimu hao. Pingamizi lililo zito zaidi ni la fedha. Mfadhili alilipia mafunzo, mzazi akaachiwa mshahara. Elimu ya msingi ilipotangazwa bure mwaka 2003, wazazi wengi hawakuona sababu ya kulipia chekechea, na mwalimu aliyefunzwa vizuri akakosa mshahara kama yule ambaye hakufunzwa kabisa. Mafunzo hayakuweza kuziba pengo hilo, na ni kosa kuyalaumu kwa hilo.

Katiba ya 2010 iliikabidhi elimu ya awali pamoja na vituo vya malezi kwa kaunti. Tangu 2013 kaunti zimewaajiri walimu, jambo ambalo harambee haikuliweza kamwe. Hata hivyo chekechea nyingi zimo ndani ya uwanja wa shule ya msingi, na neno la mwisho ni la mwalimu mkuu wa shule hiyo, mwajiriwa wa Tume ya Huduma za Walimu ambaye huenda hajawahi kufundisha mtoto wa miaka minne. Mwalimu wa chekechea ana mwajiri mmoja na bosi mwingine, na ili awe mkuu inambidi kwanza ahame sekta. Kwa vituo vya kulelea watoto wachanga, ambavyo hata mwajiri wa serikali havina, njia ya zamani imerudi kwa mlango mwingine: jijini Nairobi shirika la Kidogo huwatafuta wanawake ambao tayari wanaangalia watoto wa majirani mitaani, na mafunzo yao hugusa uchangamshi wa mtoto pamoja na daftari la mapato na matumizi.